MNADA WA MTANDAO: HESABU KABLA, ADABU BAADAYE

Likizo iliyopita nilirudi kuitembelea shule yetu. Baada ya chakula cha jioni vijana wachache wa kidato cha tano walinizunguka, wakiwa na simu moja mikononi. Mmoja wao akanionyesha picha ya kikokotoo cha sayansi kilichokuwa kikinadiwa Uingereza. Bei yake ilikuwa peni 99 tu.

“Kaka,” akasema, “hapa mjini kikokotoo kama hiki hakipatikani kwa bei hiyo hata kidogo. Tusaidie tukinunue.”

Nikamwambia ashuke chini ya ukurasa ule. Huko chini, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa gharama za kukipeleka Uganda: pauni 17. Kijana akanyamaza. Wenzake wakamcheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu mimi mwenyewe nimekwisha kujikwaa katika mnada wa mtandao mara mbili. Mara ya kwanza nilijikwaa katika hesabu, na mara ya pili nilijikwaa ulimi. Kosa la hesabu lilinigharimu fedha zangu. Kosa la ulimi lilimgharimu mtu mwingine, nalo ndilo linaloniuma hata leo.

Basi nimeonelea niwaandikie wasomaji wa gazeti letu machache niliyojifunza, ili vijana walioko shuleni, na ndugu zangu tuliokwisha maliza, tusipate hasara bure, wala tusiwatie wengine hasarani.

MNADA USIO NA UWANJA

Sote twaujua mnada wa kawaida. Dalali hukiinua kitu, hutaja bei, watu huongeza, na yule aliyeshinda hulipa akaondoka na kitu chake kwapani. Kabla ya kutaja bei amekwisha kukishika, kukigeuza na kukinusa. Mnada wa mtandao ni ndugu wa mnada huo, lakini una tofauti mbili kubwa. Kwanza, kitu kiko mbali, na hapana budi kisafirishwe. Pili, uso wa muuzaji huuoni, wala yeye hauoni wako. Kwa ajili ya tofauti ya kwanza kuna gharama za posta, na kwa ajili ya ile ya pili kuna desturi ya kupeana alama. Asiyeyaelewa mambo haya mawili hajajua kununua.

Mnada wa namna hii unaojulikana zaidi ni eBay. Ulianzishwa na Pierre Omidyar huko California, Marekani, mwezi wa Septemba 1995. Mwanzoni uliitwa AuctionWeb, na jina la eBay lilikuja mwaka 1997. Kimoja katika vitu vya kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kilichoharibika, nacho kilipata dola 14.83. Tangu siku hizo watu wameelewa kwamba hakuna kitu kisicho na mnunuzi wake mahali fulani duniani.

Dalali wa mnada huu ni mashine. Wewe waiambia kwa siri bei ya juu kabisa uliyo tayari kutoa, nayo hukuongezea bei kidogo kidogo kila mwenzako anapopanda, mpaka ifike kikomo chako. Ukisema pauni 14, na mshindani wako akakoma kwenye 9, hutalipa 14, bali kidogo tu zaidi ya 9. Mnada huendelea siku kadhaa, pengine wiki nzima. Saa ikifika na jina lako likiwa juu, umenunua, hapana kusema “nilikuwa najaribu tu.” Tena, vijana, jueni kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kujiandikisha eBay kwa jina lake mwenyewe. Akitaka kitu, amwombe mzazi au mkubwa wake amnunulie.

POSTA HUPIMA NINI?

Zamani, huko Uingereza, aliyelipia barua aghalabu alikuwa yule aliyeipokea, na malipo yalifuata umbali wa safari na idadi ya karatasi. Mwaka 1840, kwa shauri la Rowland Hill, ikatolewa stempu ya kwanza ya kubandika, ya peni moja, nayo ilitosha barua ya nusu aunsi kwenda popote katika nchi ile. Tangu hapo kulipa mbele kukawa desturi. Uganda nayo ina historia yake: mwaka 1895 huko Mengo mmisionari Ernest Millar alipiga stempu kwa taipureta, na thamani yake iliandikwa kwa hesabu ya simbi. Stempu hizo leo ni adimu, na wakusanyaji hushindania kuzinunua minadani kwa fedha nyingi. Mwaka 1874 mataifa yalikwisha kukutana mjini Bern, Uswisi, wakaunda umoja wa posta, na kwa sababu hiyo kifurushi kilicholipiwa Leeds chaweza kupokewa Mbarara bila kulipiwa usafiri tena njiani.

Watu wengi hudhani kwamba posta hupima uzito peke yake. La, hupima na ukubwa. Tangu mwaka 2006 posta ya Uingereza, iitwayo Royal Mail, hutazama umbo la kitu pamoja na uzito wake. Kitabu chembamba kisichozidi unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 750 chaweza kupita kama barua kubwa. Kikizidi unene huo kwa milimita chache tu, kimekuwa kifurushi, na malipo hupanda. Muuzaji anayekutoza zaidi kwa kitabu kinene si lazima awe mwizi. Yawezekana ni rula ya posta iliyosema.

Makampuni yapelekayo mizigo kwa ndege yana kipimo kingine. Huzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, kisha wengi wao hugawanya kwa 5,000. Jibu huitwa uzito kwa kilo. Likizidi uzito wa mizani, walipa kwa jibu hilo. Hapo ndipo nilipojikwaa mara ya kwanza. Nilishinda mnada wa mipira mitatu ya kandanda kwa ajili ya timu ya kijijini kwetu, kwa bei nzuri sana, nikamwomba muuzaji aipeleke moja kwa moja Kampala. Mpira mmoja hauzidi gramu 450, kwa hiyo nilipiga hesabu ya kilo moja na nusu hivi. Lakini mipira ilikuwa imejazwa upepo! Iliwekwa katika sanduku la urefu wa sentimita 69, upana 23 na kimo 23. Chukueni kalamu mzidishe: ni 36,501. Gawanyeni kwa 5,000, mtapata kilo 7.3. Nililipia kilo sita za hewa ya Uingereza kusafiri kwa ndege, ingawa hewa haijapungua Uganda. Lau ningaliuliza kabla, muuzaji angaliitoa upepo mipira ile, akaikunja, na gharama zingalikuwa kidogo tu.

Zaidi ya hayo, muuzaji hununua sanduku, karatasi ya kukinga kitu kisivunjike, na utepe wa kufungia. Pengine hulipa nauli mpaka posta, na hulipia namba ya kufuatilia mzigo. Yote hayo kwa haki huingia katika neno “posta”. Kwa hiyo usitazame stempu peke yake ukadhani umejua gharama zake zote. Neno hili mlikumbuke, maana nitalirudia.

HILA YA SENTI MOJA

Hata hivyo wako wauzaji waliofanya posta kuwa mlango wa nyuma. Zamani eBay ilichukua ada yake juu ya bei ya kitu tu, si juu ya posta. Basi mjanja mmoja akiuza kitu cha dola 20, aliandika bei dola 1 na posta dola 19. Hivyo alikwepa ada, na tena kitu chake kilionekana mbele ya vingine vyote katika orodha ya bei rahisi. Mwaka 2011, huko Marekani, eBay ilianza kutoza ada juu ya jumla, pamoja na posta, na faida ya hila hiyo ikapungua. Lakini macho ya mnunuzi yamebaki yale yale.

Wataalamu wawili, Tanjim Hossain na John Morgan, waliyapima macho hayo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2006. Waliuza katika eBay santuri za CD na michezo ya Xbox. Baadhi walianza kuinadi kwa dola 4 bila malipo ya posta. Mingine ya namna ile ile walianza kuinadi kwa senti 1, na posta dola 3.99. Mwanafunzi wa darasa la tatu aona kwamba jumla ni ile ile. Lakini minada ya senti 1 ilivuta wanunuzi zaidi na mapema zaidi, na kwa jumla ilileta fedha nyingi kuliko ile mingine. Watu walitazama bei ya kwanza wakaisahau ya pili.

Basi fanyeni hesabu hii kabla ya kutaja bei yoyote. Andika kwenye karatasi fedha zote ulizo nazo kwa kitu hicho. Toa gharama za posta. Toa na kadirio la ushuru wa forodha na kodi, ikiwa kitu kitavuka mpaka, kwa sababu hizo hazimo katika bei ya mnada, nazo hudaiwa kitu kikifika. Kinachobaki ndicho kikomo chako. Ukiwa na pauni 20, na posta ni 6, na kitu hakivuki mpaka, basi mwambie dalali 14 na usiongeze hata peni. Tena linganisha jumla kwa jumla. Kitu cha pauni 8 chenye posta ya pauni 9 ni ghali kuliko kile cha pauni 13 chenye posta ya pauni 3. Na penye maneno “posta bure” pasikupumbaze: posta haifanyi kazi bure, bali muuzaji ameitia ndani ya bei. Hilo si kosa, maadamu jumla yaonekana wazi.

Neno jingine la faida: ukinunua vitu viwili au vitatu kwa muuzaji mmoja, mwombe avifunge pamoja, na umwombe kabla hujalipa. Vitabu vitatu katika sanduku moja havigharimu posta mara tatu. Wengi hukubali kwa moyo, lakini asiyeomba hapewi.

ALAMA NI USHAHIDI

Sasa nije kwenye jambo la pili. Mwezi wa Februari 1996 Omidyar alianzisha mahali pa wanunuzi na wauzaji kuandika walivyotendeana. Alisema watu wengi ni waaminifu, akawataka wasifu panapostahili sifa, na walalamike panapostahili lalamiko. Alama nzuri huongeza moja katika hesabu ya mtu, alama mbaya hupunguza moja, na ile ya katikati haiongezi wala haipunguzi. Mwaka 2007 zikaongezwa nyota, kuanzia 1 hadi 5, za kupima mambo manne: kama kitu kililingana na maelezo, muuzaji alivyoongea na mnunuzi, upesi wa kupeleka, na haki ya gharama za posta.

Msidhani alama hizo ni mapambo. Mwaka 2006 Paul Resnick na wenzake walichapisha jaribio lao. Muuzaji mmoja mwenye sifa ya miaka mingi aliuza postikadi za zamani kwa jina lake, na postikadi za namna ile ile akaziuza kwa majina mapya yasiyo na alama nyingi. Wanunuzi walikuwa tayari kutoa kama asilimia 8 zaidi kwa jina lenye sifa. Mtu ni yule yule na kadi ni zile zile, lakini jina lilikuwa mali. Wazee wetu walikwisha kusema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Zamani muuzaji naye aliweza kumpa mnunuzi alama mbaya. Matokeo yake, wanunuzi wengi waliogopa kusema kweli, kwa kuwa muuzaji angalilipiza kisasi. Kwa hiyo mwaka 2008 eBay ilibadili kanuni: muuzaji aweza kumpa mnunuzi alama nzuri tu, au kunyamaza. Kwa namna hiyo mnunuzi alipewa fimbo, na mwenzake akanyang'anywa. Mwenye fimbo peke yake anahitaji adabu zaidi kuliko watu wawili wenye fimbo.

KOSA LANGU

Adabu hiyo mimi sikuwa nayo. Miaka kadhaa iliyopita, katika mnada mmoja wa mtandao, nilinunua ramani ya zamani ya Ziwa Viktoria. Bei ilikuwa nzuri, na posta ilikuwa pauni 5, nami niliiona kabla ya kulipa. Ramani ilipofika nikatazama stempu: pauni 3 na peni chache. Nikapandwa na hasira. Bila kumwuliza muuzaji neno, nikampa alama mbaya, nikaandika kwamba ni mwizi wa posta.

Siku ya pili ikaja barua yake, ya upole kabisa. Aliniambia kwamba bomba gumu lililohifadhi ramani alilinunua dukani kwa pauni moja na nusu, na kwamba yeye ni mzee aliyestaafu, aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mkewe. Peni zilizobaki alikuwa tayari kunirudishia. Nikaifungua tena takataka yangu, nikaliona lile bomba. Lilikuwa gumu kama mti, na ramani ilikuwa imetoka ndani yake bila hata mkunjo mmoja.

Mzee yule alikuwa na alama 11 tu kabla yangu. Kwa muuzaji mwenye alama 5,000 neno langu lingalikuwa tone la wino baharini. Kwake yeye lilikuwa wino katika kikombe cha maji. Nikamwomba radhi. Kanuni za mnada ule zilimruhusu anitumie ombi la kusahihisha alama, akalituma, nami nikasahihisha siku ile ile. Lakini kwa siku tatu kila aliyefika kwenye ukurasa wake alisoma kwamba ni mwizi, na walioondoka kwa sababu yangu siwezi kuwarudisha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

ADABU YA KUTOA ALAMA

Tangu siku ile nafuata kanuni chache, nami nazitoa kwenu.

Kwanza, usitoe alama kabla kitu hakijafika na kabla hujakifungua na kukijaribu. Hata sifa ya haraka si ushahidi.

Pili, kukiwa na kasoro, mwandikie muuzaji kwanza. Mwambie jambo lenyewe, mtumie na picha, kisha mpe siku chache za kujibu. Mara nyingi atatengeneza mambo mwenyewe.

Tatu, tenga kosa la muuzaji na kosa la njiani. Tazama tarehe iliyopigwa muhuri. Akiwa alipeleka siku ya pili, na mzigo ukalala wiki tatu njiani au forodhani, usimhukumu yeye. Na ninyi mlioko Uganda kumbukeni kuandika sanduku la posta na namba ya simu sawasawa, maana mzigo hautabisha hodi mlangoni kwako.

Nne, usilalamikie posta uliyoionyeshwa kabla hujataja bei. Uliikubali. Ikiwa ulitozwa zaidi ya iliyoandikwa, hapo una neno.

Tano, usitumie alama kama tishio. Kumwambia mtu “nirudishie fedha, ama nitakupa alama mbaya” ni kumnyang'anya, na eBay yenyewe imekataza. Ukiwa una haki ya kurudishiwa, iko njia yake: kitu kisipofika, au kisipolingana na maelezo, eBay humpa mnunuzi siku 30 za kupeleka mashtaka. Lakini sharti uwe umelipa ndani ya mnada. Yeyote akuambiaye umpelekee fedha pembeni ili akupunguzie bei, mkimbie.

Sita, andika mambo, si matusi. “Kikombe kilifika kimevunjika, hakikufungwa kwa karatasi, barua zangu mbili hazikujibiwa” ni ushahidi. “Muuzaji mbaya sana” si ushahidi. Na kama umedhulumiwa kweli, na muuzaji amekataa kutengeneza, usinyamaze kwa huruma. Atakayefuata baada yako anategemea neno lako, kama wewe ulivyotegemea la waliokutangulia.

Saba, usisahau kusifu. Wengi wakipata haki hunyamaza, wakipata kasoro hupiga kelele. Muuzaji aliyefunga vizuri na kutoza posta ya haki astahili dakika moja ya kalamu yako.

Yule kijana wa kikokotoo aliniuliza mwishoni, “Basi kaka, tusinunue?” Nikamwambia nunueni, lakini kwanza mpige hesabu. Tukakaa, tukajumlisha pauni 17 na bei ambayo huenda mnada ungefikia, tukaona kwamba kile cha duka la Kampala ni rahisi zaidi, tena kikiharibika chaweza kurudishwa kwa miguu. Akanunua cha Kampala. Ramani yangu ya ziwa ingali ukutani katika chumba changu, na kila niitazamapo namkumbuka yule mzee na alama zake 11.